Nani Amekunja Uso?

Hotuba kwa waandishi wa habari na wafasiri vijana, Tanga

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi, ndugu zangu.

Mwenyekiti amekwisha kusema itifaki imezingatiwa, basi naomba niingie moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri maelezo ya mabinti waliorudi kutoka kufanya kazi za ndani Uarabuni. Wao walieleza kwa Kiswahili, wasomaji walikuwa Ulaya, na katikati nilikuwa mimi. Mmoja wao, mtoto wa hukuhuku pwani, alisema: "Mama mwenye nyumba alikuwa ananitukana kila siku, mbele ya wageni wake." Nikaandika: "My employer abused me every day in front of her guests." Sikusita hata kidogo. Nimesoma shule zetu, na katika shule zetu kutukana ni "abuse". Mwalimu wa zamu akiuliza "Who abused you?", darasa zima linajua yanayoulizwa ni matusi.

Aliyeisoma sentensi ile kule hakuelewa matusi. Katika Kiingereza cha huko siku hizi, mtu akiandikwa "she abused me" bila neno jingine la kufafanua, msomaji anaelewa kupigwa, kuteswa, au kuingiliwa kwa nguvu. Binti akaitwa, akaulizwa ameumizwa wapi mwilini. Akasema hakupigwa. Akaitwa tena, akaulizwa na mtu mwingine, safari hii kwa upole wa kubembeleza, kama anayejua kuna kitu kinafichwa. Mwisho wake, kwenye jalada lake pakaandikwa kwamba maelezo yake yamebadilika.

Hayakubadilika. Tangu siku ya kwanza alisema alitukanwa. Na kutukanwa kila siku kwa miaka miwili, mbele za watu, ni jambo zito kwa uzito wake wenyewe. Halikuhitaji kuongezewa na kalamu yangu. Ilinipasa niandike "insulted me", au "shouted insults at me", au hata "shouted abuse at me", maana neno lile likiwa nomino namna hiyo bado ni matusi. Niliyajua maneno yote hayo. Sikuyatafuta tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaangalia kwa makini maneno ya Kiingereza ambayo watu huyatumia kuonyesha kwamba mtu au tendo halikuwapendeza. Ni mengi, na yanafanana kwa mbali kama mapacha. Ukiyakaribia unaona kila moja limebeba habari zake: nani hakupendezwa, na nini au na nani, kwa kiasi gani, na kikafuata nini. Ukikosea neno, unakuwa umesimulia tukio jingine.

Nianze na neno ambalo kila mmoja wenu ameshaliandika. "Frowned upon." Kukunja uso. Tunalipenda kwa sababu linasikika kama Kiingereza cha mtu aliyesoma, na linatuokoa tukiwa hatuna uhakika. Kuna mwandishi kijana aliniletea makala yenye sentensi hii: "Divorced women are frowned upon in our village." Sarufi haina tatizo kubwa, lakini Mwingereza hakunji uso juu ya mtu kwa namna hiyo, hukunja juu ya tendo. "Divorce is frowned upon" ni sawa, kwa maana ya kuachana kunachukuliwa vibaya. Mtu mwenyewe anakuwa "looked down on", anadharauliwa, anatazamwa kutoka juu kwenda chini. Hayo ni mambo mawili. Kuna vijiji ambako talaka inachukiwa kweli, lakini mwanamke aliyeachika anapokelewa kwao kwa heshima, anapewa chumba na shamba la kulima. Na kuna miji ambako talaka haimshtui mtu, ila mwanamke akishaachika, mashoga zake wanaanza kumficha waume zao. Mwandishi aliyechanganya maneno haya mawili hajatuambia kijiji chake ni cha aina gani.

Tatizo la pili la "frowned upon" ni kubwa kuliko hilo. Uso umekunjwa, lakini wa nani? Kijana mwingine alimwandika binti anayeendesha bodaboda: "Women riding motorcycles are frowned upon by society." Nikamuuliza: mwanangu, hiyo jamii ulikutana nayo wapi? Akaniambia alizungumza na wanaume watatu pale kijiweni. Nikamuuliza mama wa binti anasemaje. Hakumuuliza. Abiria je? Hakuwauliza. Basi jamii yote ya mji ule ilikuwa wanaume watatu, tena wanaogombania abiria na huyo binti. Tukaibadilisha: "Some of the men at the stand disapprove of her." Sentensi ikawa fupi, ikawa ya kweli, na msomaji akapata nafasi ya kujiuliza kwa nini hao watatu hawampendi. Mzingatie hapo "disapprove of". Kile kihusishi "of" hakidondoki. Ukisema "they disapproved her" umemaanisha walimkataa rasmi, kama kamati inavyokataa ombi la mkopo.

Na sisi kwa Kiswahili tuna ugonjwa huohuo wa "jamii inachukulia vibaya". Ukiutibu kwenye lugha moja, umeutibu kwenye zote mbili.

Sasa kiasi. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu watu husema Kiswahili hakina maneno ya kupimia mambo haya, nami nakataa. Sikilizeni ngazi tuliyonayo: kukanya, kuonya, kukemea, kukaripia, kushutumu, kulaani. Mama anamkanya mwanawe asicheze karibu na kisima. Mwajiri anamwonya mfanyakazi, na karipio likitolewa kwa maandishi linawekwa kwenye jalada. Mzee anakemea vijana wanaopiga kelele msikitini. Serikali inalaani shambulio la mabomu. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema mama amemlaani mwanawe kwa sababu kamwaga uji.

Lakini tukihamia Kiingereza, ngazi nzima tunaitupa, tunabaki na "condemn". Majirani walinong'ona: "condemned". Mwalimu alifoka: "condemned". Nadhani neno hilo tulilipata mahali pawili, kanisani na mahakamani, na kote huko ni neno la hukumu. Kwa hiyo tunalitumia kwa kila kinywa kilichofunguka. Majirani wanaonong'ona hawakumhukumu mtu. "They gossiped about her", walimsengenya. "They murmured", "they talked". Mwalimu aliyefoka "scolded" au "told them off", na kama alifanya hivyo kwa maandishi na kwa mamlaka ya kazi yake, ndipo "reprimanded".

Wanadiplomasia wameifanya ngazi hii kuwa kazi. Taarifa ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ikisema "concern", wajumbe wameshakaa wakabishana kama iwe hivyo au iwe "deep concern". "Deplore" iko juu yake, "condemn" juu zaidi, na "condemn in the strongest terms" ndiyo kileleni. Kisha taarifa inafika kwenye chumba chetu cha habari, na maneno yote hayo yanatoka na kichwa kimoja: UN Yalaani. Msomaji wa Tanga anadhani dunia imepiga kelele, kumbe imesema inatiwa wasiwasi. Mwaka wa pili dunia ikilaani kweli, hatuna tena neno la kumwonyesha tofauti.

Na kuna upande wa kusoma pia. Barua ya Mwingereza ikikuambia "we were disappointed to learn", usidhani amekuonea huruma. Hilo ni karipio. "Unhelpful" na "inappropriate" katika barua ya kazi ni maneno makali yaliyovaa nguo za kawaida. Nimewahi kuona mtu akipokea barua ya namna hiyo akaiweka pembeni kwa raha, halafu mkataba wake ukakatizwa naye akashangaa.

Nikiulizwa neno moja linalotusumbua kuliko yote, nitasema ni aibu.

Aibu yetu ni pana. Mwanafunzi anaandika insha: "I was ashamed to greet the headmaster." Kwa Kiswahili alikuwa anasema niliona aibu kumsalimia mkuu wa shule. Msomaji wa Kiingereza anajiuliza mtoto huyu ameiba nini. Mtoto hakuiba. Alikuwa "shy", basi. Angejikwaa mbele ya wageni akaanguka na sinia, hapo angekuwa "embarrassed". Angechukua fedha ya mama kwenye pindo la khanga, na mpaka leo akikumbuka moyo unamchoma, hapo ndipo "ashamed". Kwa hiyo ni watoto watatu tofauti, na mmoja tu ndiye mwenye kosa. Tukiwaandika wote "ashamed", tunawapa hatia wawili wasiostahili. Kiswahili chenyewe kinajua tofauti hizi tukikiruhusu: kuna haya, ambayo ni sifa, binti mwenye haya anasifiwa mtaani, kuna soni, kuna fedheha, ambayo ni aibu iliyomwagika hadharani. "Disgrace" inakaa karibu na fedheha. Haya haina "shame" ndani yake hata chembe.

Halafu kuna "it's a shame". Jirani yangu aliozesha binti yake, na mama mzazi wa bwana harusi hakuweza kusafiri kwa sababu ya mguu. Rafiki yao wa Uingereza akawaandikia kadi: "It's such a shame your mother couldn't be there." Bwana harusi akaja kwangu na kadi mkononi, uso umemvimba. Akanionyesha neno lenyewe kwa kidole. "Anasema ni aibu mama yangu hakuja." Nikamkalisha, nikampa maji. Nikamweleza kwamba Mwingereza akisema hivyo anasema inasikitisha, ni bahati mbaya tu, hamlaumu mtu yeyote. Alinitazama muda mrefu kabla ya kuniamini. Na sikumlaumu, maana "shame on you" ni aibu kwako, "shameful" ni ya aibu, "shameless" ni asiye na haya. Ni nani angemwonya kwamba ndugu yao mmoja amehamia ukoo mwingine kabisa? Wanaokwenda Afrika Kusini watakuta amehama mbali zaidi: kule ukimwambia mtu umeumwa na kichwa, anakujibu "shame!", na maana yake ni pole.

Ila na hilo lina mpaka. Usiandike kwenye salamu za rambirambi "it is a shame that your father died". Ni jepesi mno, ni la mvua iliyoharibu pikiniki. Andika "I am so sorry".

Nije kwenye kutenga. Hapa Kiingereza kina utajiri, na karibu kila neno lina historia inayokuonyesha namna ya kulitumia.

"Boycott" ni jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya bwana mmoja, Lord Erne, katika wilaya ya Mayo huko Ayalandi. Wapangaji waliomba kodi ipunguzwe, akataka kuwafukuza. Mwezi Septemba 1880, mwanasiasa Charles Stewart Parnell aliwahutubia watu katika mji wa Ennis, akawaambia mtu atakayechukua shamba la aliyefukuzwa asipigwe wala asiuawe: asisemeshwe njiani, dukani, sokoni wala kanisani. Siku chache baadaye watu wa Mayo wakamfanyia Boycott vivyo hivyo. Vibarua wakaacha mavuno shambani. Wenye maduka hawakumuuzia. Ilibidi waletwe watu 50 kutoka mbali kumvunia, wakilindwa na askari wengi, na gharama ya ulinzi ikapita mbali thamani ya mazao. Kabla ya mwaka kwisha Boycott alikuwa ameondoka, na jina lake limekuwa kitenzi magazetini.

Ukiijua habari hiyo, hutaandika tena "the child boycotted his food". Mtoto kasusa. Kususa ni kwa moyo uliojeruhiwa, ni mtu kugeukia ukuta, na Kiingereza chake ni "sulk" au "refused to eat". Kususia ndiko "boycott": kuna watu, kuna madai, na anayesusiwa anajua afanye nini ili yaishe. Herufi moja tu ya Kiswahili inatenganisha mtoto na harakati.

"Ostracize" ni neno la Kigiriki, la kigae. Katika Athens ya kale raia walikwaruza kwenye kigae cha chungu kilichovunjika jina la mtu waliyeona amekuwa hatari kwa mji. Kura zikifika 6,000, mwenye jina lililoongoza alipewa siku 10 aondoke, akae nje miaka 10. Mali yake haikuguswa, na muda ukiisha alirudi. Vigae vyenye jina la Themistocles, aliyekuwa shujaa wa vita vyao, vimefukuliwa kwenye udongo wa mji huo. Kwa hiyo neno hili ni la watu wengi waliokubaliana. Mtu mmoja hawezi "ostracize" mtu mwingine. Mke aliyemnunia mumewe siku tatu "is not speaking to him", au amempa "the silent treatment". Lakini yule mtu wa kijijini asiyehudhuria misiba ya wenzake, siku anafiwa na mtoto, akafungua mlango alfajiri akakuta uwanja mtupu, hakuna hata aliyekuja kuchimba kaburi: huyo ameandikwa kwenye kila kigae. "Ostracized" ni neno lake halali, na "shunned" pia.

"Stigma" nalo ni la Kigiriki, alama iliyochomwa kwenye ngozi ya mtumwa. Sisi tulitafuta neno letu, unyanyapaa, na tulilipata kwa uchungu, katika miaka ya UKIMWI. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya 2008 inaukataza unyanyapaa, na inaukataza ubaguzi pia, maana ni vitu viwili: unyanyapaa ni alama ambayo watu wanakubandika, ubaguzi ni wanachokufanyia baada ya kuibandika. Kwa Kiingereza andika "the stigma attached to the illness". Na mtu anakuwa "discriminated against". Hilo "against" tunaliangusha kila siku kwenye ripoti zetu, na likianguka sentensi haina miguu.

"Pariah" naomba mliache. Linatokana na jina la jamii ya Kusini mwa India, wapiga ngoma iitwayo parai, watu waliotengwa kwa karne nyingi. Kwao si tamathali ya semi. Bado linauma.

Mwisho kuna mambo ambayo Kiingereza hakina neno lake, na hapo ndipo naona wenzangu wakihangaika bila sababu. Kusonya, kwa mfano. Wakenya wengi huandika "she clicked", na Mwingereza anabaki anashangaa amebofya nini. "Tut" yao ni fupi, ya ulimi, ya bibi aliyeona vumbi mezani. Kusonya kwetu ni kurefu, kunatoka kwenye meno, na kunaweza kuvunja uchumba. Watu wa Karibi wanalo jambo hilihili na wamelipatia maneno: "she sucked her teeth". Chukueni hilo, linaeleweka.

Na kusuta. Nilikuwa na miaka tisa, Ngamiani, hapahapa Tanga, nilipoona mama zetu wakitoka na khanga sare, mmoja na ngoma, wakaenda mpaka kwenye mlango wa jirani aliyepeleka maneno. Walikwenda na aliyeyasikia maneno yale, shahidi wao. Wakasimama barazani. "Ulisema, hukusema?" Watoto tulipanda ukutani. Yule mama alitoka na unga mikononi, akamwona shahidi, akajua. Ngoma ikalia, wakaimba, na mtaa mzima ukasikiliza. Hakuna aliyemgusa. Walipomaliza walirudi nyumbani kwao, na kesho yake alikwenda kisimani kama kawaida.

Nimejaribu kuliandika jambo hilo kwa Kiingereza mara nyingi. "Confronted" inapoteza kadamnasi. "Shamed" inapoteza shahidi, na shahidi ndiye anayelifanya jambo liwe la haki. "Scolded" inamfanya yule mama mtoto mdogo. Sasa natumia neno letu, kisha namsimulia msomaji: "They came to her door in matching khangas, with the woman who had heard her say it, and made her answer in front of the whole street." Ndiyo, ni ndefu. Kilichotokea nacho kilikuwa kirefu.

Kwenye viti vyenu mmekuta karatasi yenye sentensi sita za Kiswahili. Kabla ya kuzifasiri, andikeni pembeni ya kila moja: nani hakupendezwa, na nini, na alifanya nini. Sentensi ya kwanza mnaijua tayari. Ni ya yule binti. Nilimpigia simu wiki iliyopita kumwomba ruhusa niilete hapa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema sawa, ila waambie waandike vile nilivyosema. Tuna dakika 20 kabla ya chai.